Mtu Mwenye Koti Langu

Jumanne, 1 Juni 1993

Upepo tangu alfajiri. Vidole ganzi, moyo moto. Leo nimefungua ofisi.

Tangu Februari, nilipopunguzwa kazi ya ghala, nimekaa nyumbani nikisoma. Vitabu kumi na vinne vya upelelezi. Vingine havina jalada, viwili havina mwisho. Mke wangu Dominika anasema nimepoteza miezi minne. Si kweli. Nimesomea kazi. Siku hizi kila kitu ni ruksa. Vyama ruksa, mitumba ruksa, duka la mtu binafsi ruksa. Kwa nini mpelelezi wa mtu binafsi asiwe ruksa?

Kibao cha Mpelelezi Fabiani nimekiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu na kukipigilia juu ya mlango wa chumba cha mbele. Herufi ya mwisho haikupata nafasi, nikaiweka chini. Inasomeka vizuri ukiwa na subira.

Nina vifaa vyote. Daftari hili. Kofia ya pama. Na koti! Koti la mvua refu, rangi ya majivu, lina mkanda kiunoni na kola ya kusimamisha. Nimelinunua kwa Meshack, ambaye tulifanya naye kazi ghalani na sasa anauza mitumba. Ameniapia kuwa hakuna la pili Tanzania nzima. Halafu akaniuliza nitampeleleza nani katika mji ambao kila mtu anajua mwenzake amekula nini jana. Wivu. Meshack hasomi vitabu.

Angesoma, angejua nilichokigundua. Katika vitabu kumi na viwili kati ya kumi na vinne, mpelelezi ana pacha. Si pacha wa kuzaliwa. Ni mtu anayetokea tu, sura ileile, koti lilelile, lakini mwovu. Anafanya uhalifu na mpelelezi anasingiziwa. Kwa kawaida hutokea ukurasa wa themanini. Mpelelezi asiye na pacha ni karani tu.

 Dominika alisema kaka yake Eustace atapita Jumapili na lori kutoka Milepa, kule bondeni, ambako mahindi yanavunwa na watu hawatoshi. Kama hadi siku hiyo sijapata kazi ya kueleweka, nitapanda lori hilo.

Siku tano. Wapelelezi wengi hupewa saa ishirini na nne.

Jumatano, 2 Juni

Mteja! Tena asubuhi!

Mama Justina, mwenye kilabu cha pombe ya ulezi karibu na soko. Mjane, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. Bahati mbaya Dominika alikuwa amefua koti langu. Nikampokea kwa shati, natetemeka. Nilimwambia nafikiri sana, ndiyo maana.

Kesi yenyewe nzito. Kuna mwanamume anamnyemelea binti yake, Justina. Jumapili na Jumatatu, saa kumi alasiri, alionekana akichungulia juu ya ua wa matete. Hasalimii. Ukimwangalia, anainama. Mama Justina anataka ajulikane ni nani, amfuate kwao na mwiko wa kukorogea pombe. Malipo yangu ni jogoo. Nusu ya malipo kabla, yaani jogoo mzima, lakini nisimchinje mpaka kesi iishe.

Nikachukua maelezo. Mtu wa kimo cha kawaida. Kofia ya pama. Masharubu membamba. Koti refu rangi ya majivu.

Akaondoka. Nikayasoma tena maelezo. Nikatazama kamba ya nguo uani.

Jumapili na Jumatatu, saa kumi alasiri, nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya ua wa Mama Justina, nikifanya mazoezi ya kuvizia.

 Kesi yangu ya kwanza, na mhalifu ni mimi. Nikisema ukweli, napata mwiko Jumatano na lori Jumapili.

Jioni nikapata mpango. Vitabu havimtupi mtu wake. Kesho nitamwambia mteja kwamba mhalifu nimeshamgundua. Ni mtu hatari, amevuka mpaka wa Zambia pale Kasesya, na kwa bahati mbaya anafanana nami kidogo. Nitasema nimemfukuza. Sitachungulia tena. Kesi imefungwa, jogoo sufuriani.

Nimelala mapema, nikitabasamu.

Alhamisi, 3 Juni

Nimetoa ripoti yangu saa nne kilabuni. Nilimweleza Mama Justina habari za pacha wangu kwa utulivu, jinsi nilivyomfuata hadi barabara ya Kasesya na kumwonya asirudi. Akasikiliza. Akasema nimechelewa kumwonya, kwa sababu jana saa kumi alikuja tena. Tena safari hii aliingia mlangoni bila haya, koti lilelile, na kumwachia Justina kibuyu cha samli.

Jana saa kumi nilikuwa nyumbani na shati, koti likiwa bado bichi kwenye kamba!

 Nilimtunga yule mtu jana, na kumbe anagawa samli.

Basi ni kweli. Ninaye. Ukurasa wa themanini!

Saa tisa nilikuwa nimejificha kwenye migunga ng'ambo ya kilabu. Saa kumi kasoro akapita. Nilimwona kwa nyuma. Koti langu. Kofia yangu, au dada yake. Nikamfuata hatua thelathini, kama ilivyoandikwa. Hakuenda kilabuni leo. Alikwenda kwenye mashine ya kusaga, akachanganyika na akina mama waliopanga foleni. Nikanyata kuzunguka nyuma ya jengo, ambako kuna dirisha la kutolea pumba. Lilikuwa likitoa pumba.

Nilipofumbua macho, alikuwa ameondoka. Nilirudi nyumbani nikiwa mweupe mpaka kope.

Jambo la ajabu. Dominika hakunigombeza. Alinipangusa pumba kwa kanga yake, akicheka. Usiku akanipikia samaki, mgebuka mkubwa wa ziwani kutoka Wampembe, akanipa katikati, yeye akabaki na mkia. Aliniita mume wangu, neno ambalo sijalisikia tangu nipunguzwe kazi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna, ila anajua.

Nadhani ni koti. Wanawake hupenda mwanamume mwenye siri.

Ijumaa, 4 Juni

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda sokoni na Dominika, mkono kwa mkono. Mama mmoja nisiyemjua akanisimamisha, akanishukuru kwa kumbebea gunia la unga hadi kwake. Nikapokea shukrani. Wasukuma wawili wenye fimbo wakaniamkia kwa lugha yao, “Mwangaluka.” Nikajibu mwangaluka, maana ndilo neno lililokuwa karibu. Mzee mmoja akanipa mkono, akasema mji una heshima kupata kijana kama mimi. Nilianza kuzoea.

Halafu muuza kanga akaniita. Akaniuliza, kwa sauti ya watu wa sokoni, kama mchumba aliipenda ile kanga niliyomchagulia juzi, au alitaka ile ya pili.

Dominika aliuachia mkono wangu.

Nilimweleza pale pale. Nilimwambia kuna mtu mwenye koti langu na sura yangu, anayezunguka mjini akifanya mambo kwa jina langu. Nilimwambia vitabu kumi na viwili vimeshuhudia. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba.  Alirudi nyumbani, akafunga nguo zake, akajitwika sufuria lake kubwa, akaenda kwa dada yake Otilia.

Nyumba haina sauti. Jogoo peke yake ndiye anayezungumza, na hasemi jipya.

Mchana nikamwendea Meshack, nikamshika shati. Akakiri. Robota la mitumba lilikuwa na makoti mawili. La pili alimwuzia Msukuma mmoja mfuga ng'ombe kutoka Milepa, kijana mstaarabu, anaitwa Nyanda. Naye aliapiwa kuwa hakuna la pili Tanzania nzima.

Basi pacha ana jina. Lakini kuna kitu hakikai sawa. Pacha wa vitabuni huiba na kuua. Huyu wangu amebeba gunia, ametoa samli, amewaheshimu wazee. Ikiwa kati ya watu wawili mmoja ni mwovu, na yule si mwovu, basi…

Wazo hilo nimeliacha. Nadhani limeletwa na baridi.

Jumamosi, 5 Juni

Asubuhi nilipofungua mlango kulikuwa na watu. Nikafikiri ni wateja.

Hawakuwa wateja. Mtu mmoja alikuwa ameniona Alhamisi saa kumi nikiwa mbele ya mashine ya kusaga. Mwingine aliniona saa ileile nyuma ya mashine. Walikutana jana kilabuni wakalinganisha. Mama mmoja aliyeniona nikimwagikiwa pumba alithibitisha. Mpaka usiku habari ilikuwa imefika mwisho wa mji. Fabiani yuko mahali pawili kwa wakati mmoja.

Nilicheka. Hakuna aliyecheka nami. Bibi kizee mmoja, Coleta, ambaye huwa ananiomba nimsomee barua za mwanawe, alisema polepole kwamba mtu wa namna hiyo ni vigumu kukaa naye jirani. Wengine walitazama chini.  Jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni tupa uchawi, na mimi sikutaka kutupwa.

Nikasema kuna pacha. Nikasema naweza kumwonyesha. Mama Justina, aliyekuwa mbele, akasema vizuri, kama yupo basi huja saa kumi, twende wote tukamwone.

Kwa hiyo leo nimevizia mshukiwa nikiwa na watu kama sitini nyuma yangu. Nilijificha kwenye migunga. Wao hawakujificha. Wengine walikaa kwenye nyasi, mtu akaanza kuuza karanga. Kwa mbali nyuma nilimwona Dominika na dada yake. Macho yake yalikuwa mekundu. 

Saa kumi akaja.

Hakukimbia. Alipoona umati alivua kofia, akaanza kuwaamkia wazee, shikamoo baada ya shikamoo, Bibi Coleta wa kwanza. Tulingoja mpaka akamaliza. Kisha akaniona nikitoka migungani. Akanitazama kutoka kofia mpaka viatu.

“Kumbe ni wewe,” akasema. “Nimekutafuta siku tatu nzima.”

Mimi! Ananitafuta mimi!

Akaeleza mbele ya wote. Amekuja mjini kumposa Justina, kwa uwazi. Alikuja na samli, na amenunua kanga akingoja ruhusa ya kuitoa, ili wazee wake wajue siku ya kuja. Lakini Mama Justina alimfukuza kama mbwa, akimwita mchunguliaji. Kila anakopita anaulizwa kwa nini anachungulia ua wa mjane. Hajalala vizuri tangu Jumatano. Ng'ombe wa watu wanamngoja Milepa, na hawezi kuondoka akiacha jina lake limechafuka, kwa kuwa hatampata tena msichana yule.

Akasema hayo bila kupaza sauti. Justina alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fito za ua kwa mikono miwili.

“Mimi napita mlangoni,” Nyanda akasema. “Nani anayechungulia?”

Macho sitini, mara mbili, yakanigeukia.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Wa kwanza ulikuwa na mtu wa tatu mwenye koti. Wa pili ulikuwa na ugonjwa wa shingo. Wa tatu ulimtaja Meshack na ndio niliokuwa nikiupenda zaidi. Nikafungua mdomo. Nikamwona Dominika ananitazama, anangoja kama wengine. Hakuna hata mmoja uliotoka.

“Ni mimi,” nikasema. “Nilikuwa najifunza kazi.”

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi Coleta. Alicheka mpaka akashikwa asianguke. Halafu wote. Wakatusimamisha bega kwa bega watutazame vizuri, na hapo ikaonekana kuwa hatufanani hata kidogo. Nyanda ananizidi kichwa kizima, ana meno yote, na koti limemkaa. Justina alisema nafanana naye kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Ni maneno yake ya kwanza katika kesi hii na ningependa yasiingie kwenye ripoti.

Mama Justina alimwambia Nyanda wazee wake waje wakati wowote. Kisha akaja kwangu kumchukua jogoo. Alikwenda naye kwapani, jogoo akiwika njia nzima.

Dominika alitembea nami kurudi. Tulifika kwenye kona ya mashine. Pale akasimama.

“Alhamisi nilipita hapa,” akasema. “Nikamwona kwa nyuma, amebeba gunia la mwanamke asiyemjua. Nikafurahi, Fabiani. Nilidhani ni wewe.”

Ndiyo maana ya mgebuka.

 

Jumapili, 6 Juni

Baada ya misa lori likaja. Shemeji Eustace hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshasikia, Milepa nzima imesikia, nadhani na Zambia. Dominika alinifungia chakula cha njiani, akarekebisha kola yangu, akasema kazi ya mikono haijaua mtu. Sauti haikuwa ya hasira. Nilipopanda alibaki amesimama mpaka tukakata kona. Machozi yalinitoka kidogo. Upepo.

Kibao nimekishusha. Nimeamua. Mpelelezi Fabiani amekufa. Nimeandika hivyo kwa wino.

Koti nimelichukua kwa ajili ya kujifunika tu.

Jumatano, 9 Juni

Milepa. Joto la tanuri. Huku chini hakuna mtu anayejua sweta ni nini.

Siku tatu za kuvuna mahindi. Malengelenge saba mkono wa kulia, matano wa kushoto. Eustace anavuna mistari minne nikiwa nusu ya mmoja. Hanisemi. Anaimba tu. Nimejifunza mengi. Nimejifunza kwamba mwanadamu afanye kazi yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na usiku alale. Nimemwandikia Dominika barua yenye maneno hayo. Nimeisoma mara mbili, ni nzuri sana.

Leo asubuhi nimetumwa dukani kununua chumvi. Nikavaa koti, kwa sababu ya jua. Njiani nikakutana na mzee wa Kisukuma chini ya kibanda cha nyasi, Mzee Mboje, tajiri wa ng'ombe, nimemsikia akisifiwa. Macho yake yana ukungu mweupe. Alisikia hatua, akaliona koti, akanyoosha mikono yote miwili.

“Mwangaluka, Nyanda! Umerudi, mwanangu. Nilikuwa nimekata tamaa.”

Nikajibu mwangaluka. Adabu tu. Nilikuwa nataka kueleza.

Lakini hakunipa nafasi. Akasema kesho ni mnada, ng'ombe wake wako tayari, na hamwachii mtu mwingine awapeleke kwa sababu hakuna mwingine anayemwamini. Kijana wa watu kama mimi, akasema, haonekani siku hizi. Akanishika bega. Muda mrefu hakuna mtu aliyenishika bega hivyo.

Nikafikiri haraka, kama mtu mzima. Nyanda yuko Sumbawanga, anangoja wazee wake. Ng'ombe hawawezi kungoja harusi. Nikikataa, mzee ataumia, na jina la Nyanda litachafuka mara ya pili kwa sababu yangu. Kumbuka pia kwamba Dominika alimpenda mtu wa namna ile. Alisema mwenyewe, pale kwenye kona ya mashine. Basi atampata. Atasikia mume wake amepeleka mifugo mnadani kama mwanamume, na atapika mgebuka mwingine.

Tena safari hii hakuna wa kunilinganisha naye. Mji mmoja watu wawili, hilo lilikuwa kosa. Hapa niko peke yangu. Mpango hauna tundu.

Nimemkubalia kwa kutikisa kichwa. Hakuona. Nikamshika mkono.

Tunaondoka alfajiri, mimi na ng'ombe arobaini, na wachungaji wanne ambao hawajui Kiswahili. Kisukuma changu ni neno moja, na nimeshalitumia.